Picha Bila Kamera: Miaka Thelathini na Moja ya Mama Ndeshi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa kumi jioni, Bi. Catherine Aristides, ambaye hapa kituoni kila mtu anamwita Mama Ndeshi isipokuwa waleta barua, atakabidhi funguo za chumba cha mazungumzo na kustaafu rasmi, baada ya kututumikia miaka thelathini na moja, miezi minne na siku tisa. Hizo siku tisa nimezihesabu mwenyewe. Mhasibu alisema ni sita, akarudia kuhesabu, akaifuta sita yake.

Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu huu. Wenye digrii hapa kituoni wako watano, na wote walikuwa na udhuru. Mimi Lesikar, dereva, mlinzi wa akiba na fundi wa kila kinachovuja, sikuwa nao. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini iliishia pale kwa sababu walimu walikuwa wamemaliza ya kunifundisha. Miaka ishirini na miwili nimemwendesha Mama Ndeshi kwenye kila barabara mbovu, kutoka Nduruma kwenye vumbi hadi juu kwenye migomba ambako gari linapumua kwa shida, na aliyoyasema garini ni mengi kuliko aliyoyasema ofisini. Wenye digrii wana mafaili. Mimi nina yaliyobaki. Na kabla mtu hajaanza kunifundisha habari za siri za wateja: wote niliowataja hapa wameniruhusu, na mmoja amenilazimisha.

Mama Ndeshi ni mzaliwa wa Kibosho, Kilimanjaro. Alisomea ualimu, akafundisha watoto wa darasa la kwanza, kisha akamfuata mumewe Ludovick Arusha, kwenye duka la vipuri pale Engutoto. Tarehe 21 Februari 1994 aliajiriwa hapa, wakati Kituo cha Ushauri wa Familia cha Tuzungumze kilikuwa vyumba viwili tulivyopangishwa na usharika wa Kilutheri Moshono. Siku hizo Moshono ilikuwa mahindi na kahawa. Leo ukitaka kuona hindi utafute la kuchoma.

Ushauri wa wakati ule ulikuwa hivi: mume na mke wanakaa kwenye benchi, mshauri anawashauri saa nzima, wao wanaitikia ndiyo, ndiyo, kisha wanarudi nyumbani na kuendelea pale walipoishia. Mama Ndeshi aliifanya kazi hiyo miaka mitatu mpaka akagundua kwamba watu walikuwa wanamsikiliza vizuri sana, na hawafanyi lolote. Akapelekwa semina ya wiki sita. Siku aliyorudi, kitu cha kwanza alichofanya ni kulitoa lile benchi nje, ambako kuku wa Mchungaji walilichukua.

Huko semina alijifunza mambo ambayo hapa mjini yalionekana kama mchezo wa watoto. Alifundishwa kwamba familia haiumwi kwa lile inalogombania. Inaumwa kwa namna watu wanavyosemeshana, na namna hiyo iko mwilini kabla haijafika mdomoni. Kwa hiyo hakutaka tena kuelezwa. Mtu akianza, “Mama, huyu mwenzangu tangu mwaka juzi...” yeye anamkatiza: “Usinieleze. Nionyeshe.” Wengi walifikiri anataka kuona makovu.

Kwa hesabu yake, mtu akibanwa hukimbilia moja ya nyumba nne. Kuna Kidole, anayewanyooshea wenzake. Kuna Samahani, anayeomba radhi hata mvua ikinyesha. Kuna Profesa, ambaye mkewe akilia yeye anaeleza chanzo cha machozi. Na kuna Redio, ambaye jambo likiwa zito anauliza kama mmesikia matokeo ya mpira. Mama Ndeshi hakukwambia wewe ni yupi. Alikusimamisha. Kama ni Kidole, nyoosha mkono wote na ukae hivyo mpaka mwili wenyewe ulalamike. Kama ni Samahani, goti chini. Alisema mdomo unaweza kudanganya siku nzima, lakini goti ni dakika tano tu. Hapa kituoni tulishajigawa: mhasibu ni Profesa, dada wa mapokezi ni Samahani, na mimi walishindwa pa kuniweka, ikabidi waseme ninazo zote nne.

Halafu kulikuwa na sheria ya neno Mimi. Chumbani kwake sentensi ya lawama hairuhusiwi kuanza na Wewe. Unasema la kwako, unavyojisikia wewe mwenyewe. Bwana mmoja alikaa akafikiri sana, akamgeukia mkewe kwa upole wote alionao, akasema, “Mimi najisikia kwamba wewe ni mvivu.” Mama Ndeshi alimpongeza kwa nusu ya kwanza.

Lakini chombo chake kikubwa kilikuwa kiti kitupu. Una ugomvi na mtu aliyefariki au aliyekataa kuja? Unawekewa kiti, unafumba macho, unamwambia yote. Kile kiti cha mninga kimetukanwa kuliko refa yeyote wa nchi hii. Na ndicho kilichonipandisha cheo. Mwaka 2004 mama mmoja wa Nduruma, Nkasiogi, alikuja kumalizana na mama mkwe wake aliyezikwa wiki mbili kabla. Mama Ndeshi alitoka nje kidogo kupokea simu. Mimi nilikuwa nimerudi safari, mgongo unauma, nikaona kiti kizuri hakina mtu, nikakaa. Nkasiogi, macho ameyafumba kama alivyoelekezwa, akaanza.

Alinisema nusu saa nzima. Nilikuwa nimemnyima maziwa. Nilikuwa nimemsengenya kwa majirani. Siku ya ubatizo wa mwanawe nilikaa nimempa kisogo. Nilitaka kuinuka nikashindwa, kwa sababu kila alilosema liliniingia. Niliona kabisa nilikuwa mama mkwe mbaya. Mwisho nikasema kwa sauti ndogo, “Nisamehe, mwanangu.” Akafumbua macho, akaniona na masharubu yangu yote, akasema, “Nimekusamehe, mama.” Akachukua kikapu chake akaenda. Mpaka leo tukikutana sokoni ananiamkia, “Shikamoo, mama,” nami naitikia marahaba, watu washangae wanavyotaka. Huyu ndiye aliyenilazimisha nimwandike.

Kumbe Mama Ndeshi alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Badala ya kunifukuza kazi, aliniongezea nyingine. Tangu siku hiyo nikawa mwakilishi rasmi wa wasiokuwepo. Nimekuwa mume zaidi ya mara mia tatu. Nimekuwa baba aliyekwenda Mererani kuchimba madini akasahau njia ya kurudi. Nimekuwa marehemu mara nyingi kiasi kwamba nikipita makaburini natamani kusalimia kwa majina. Mara moja nilikuwa ng'ombe. Ndugu wawili walikuwa wananigombania, mmoja mkono huu, mwingine ule, wakanivuta mpaka bega likalia ko! Nikapiga kelele ya kweli, wakaniachia, wakatazamana, wakaanza kucheka, wakapatana hapo hapo. Bega halijanyooka mpaka leo, na yule ng'ombe alichinjwa Krismasi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nusura lituzike.

Ile kazi ya kuipanga familia nzima chumbani, kule semina waliita sanamu ya familia. Mtu mmoja wa nyumba anawapanga wenzake bila maneno: nani karibu, nani mbali, nani amempa nani kisogo. Wakishapangwa wanaganda kama sanamu, na kila mmoja anaiona nyumba yake kwa macho. Jina hilo tulilitumia miaka ishirini bila tatizo. Mwaka 2017 likatuponza.

Mzee Abdiel ana shamba kule juu ambako Moshono bado ni migomba, na wakati huo alikuwa mzee wa kanisa katika usharika uleule uliotupangisha. Miaka sita kabla ya hapo, mwanawe Elihuruma aling'oa mistari minane ya kahawa iliyopandwa na babu, akapanda parachichi. Hakuuliza. Mzee hakumpiga, hakumfukuza. Aliacha tu kumsemesha. Waliishi kiwanja kimoja, wakala loshoro ya chungu kimoja, yale mahindi ya maziwa ya mgando, na kila neno lilipita kwa mama. “Mwambie mwanao afunge zizi.” Elihuruma yuko pale pale, hatua mbili. “Mama, mwambie baba nimeshafunga.” Miaka sita yule mama alikuwa posta.

Ni yeye aliyemburuta mzee kuja kwetu. Elihuruma alikataa kuja. Alituma salamu, kwa mama. Mama Ndeshi akawakaribisha wale wawili kwa uchangamfu wake, akasema, “Haya wazazi wangu, leo tutatengeneza sanamu ya familia yenu.” Mzee akakaza shingo. Kisha Mama Ndeshi akamwomba yule mama aonyeshe anavyojisikia kati ya mumewe na mwanawe. Bila kufikiri, mama akapiga magoti katikati ya chumba, mikono ameinyoosha mmoja huku, mwingine kule.

Hebu tazama mambo yalivyojipanga. Chumba ni cha Walutheri. Mshauri ni Mkatoliki wa Kibosho, rozari iko kwenye pochi. Neno sanamu limetajwa. Na mke wa mzee wa kanisa yuko chini kwa magoti. Mzee Abdiel alichukua kofia yake, akatoka, na hakufunga mlango.

Jumatatu ikaja barua. Baraza la wazee limepata taarifa kwamba katika chumba chake panafanyika ibada ya sanamu. Kituo kijieleze mbele ya baraza Jumamosi ijayo, na kisiporidhisha, kihame ndani ya siku kumi na nne.

Vijana wa ofisini walicheka mpaka wakashika meza. Mama Ndeshi hakucheka. Wafadhili wetu walikuwa wameshaondoka, vyumba vyote vya Moshono vilikuwa vimegeuka maduka ya vocha na saluni, na hakuna mwingine ambaye angetupangisha kwa masharti yale. Tukitoka pale, kituo kimekufa, na familia zaidi ya arobaini zimebaki katikati ya njia. Siku hiyo nikimrudisha nyumbani aliniambia, “Lesikar, kazi hii ndiyo ninayoijua. Wakitutoa, nirudi kufundisha a, e, i, o, u kwa umri huu?” Nikamwambia aniachie wale wazee, nitawaweka sawa mwenyewe kabla ya Ijumaa. Akasema, “Wewe? Tutahama Alhamisi.”

Jumamosi ikafika. Ajenda yetu ilikuwa ya nne, baada ya paa la choo. Wazee walikuwa tisa, mwenyekiti ni Mchungaji, sisi wageni tumekaa pembeni kama watu waliokamatwa na kuku wa wizi. Mzee Abdiel alikuwa na mistari yake ya Maandiko, ameipigia wino mwekundu. Akaisoma yote. Akamalizia, “Nimeona kwa macho yangu. Mama wa watoto wangu alipigishwa magoti mle ndani. Huyu dada simlaumu sana. Wenzetu wa upande wa pili sanamu wamezizoea.” Upande wa pili maana yake Wakatoliki. Mchungaji akakohoa, akatazama paa.

Mimi nilikuwa nimeandaa utetezi wa kurasa tatu. Mama Ndeshi aliniwekea mkono juu ya karatasi. Akasimama, akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akasema, “Wazazi wangu, sina ubishi. Mkiamua tuhame, tutahama. Kabla hamjapiga kura naomba kitu kimoja tu: tusimame tupige picha ya pamoja, iwe kumbukumbu.”

Sijapata kuona mzee wa kanisa anayekataa picha. Waliinuka kabla hajamaliza. Vifungo vya makoti vikafungwa, tai zikavutwa. Mchungaji katikati. Wawili wakagombea mkono wake wa kulia kwa viwiko, kwa heshima kabisa. Mama Elieshi, mmoja wa wanawake wawili wa baraza lile, akaenda nyuma karibu na dirisha. Mzee Abdiel akasimama mwisho kabisa wa mstari, bega moja amelipeleka nje kama mtu anayesubiri kuitwa kwingine.

“Haya mama, piga,” akasema Mchungaji, meno yote nje.

“Sina kamera, Mchungaji. Kaeni hivyo hivyo. Kila mtu aangalie amesimama wapi, na jirani yake ni nani.”

Mchungaji akabaki na tabasamu lake, hajui alipeleke wapi. Wakaanza kugeuza vichwa. Ndipo Mama Elieshi akasema kule nyuma, “Hivi mimi nafanya nini huku? Miaka kumi na miwili niko kwenye baraza hili. Katafuteni picha zote. Naonekana kilemba.”

“Lakini mama, hakuna aliyekuweka huko,” akasema katibu.

“Ndiyo hapo sasa. Nimekuja mwenyewe, na hakuna aliyeshangaa.”

Mchungaji akasogea. Wa pembeni yake akasogea pia, pengo likafunguka pale mbele. Mama Elieshi hakuliziba haraka. Aliwaacha wote walitazame vizuri kwanza, kisha ndiyo akaja, taratibu, anakung'uta gauni.

“Hiki ndicho tunachofanya,” Mama Ndeshi akasema. “Tulikiita sanamu. Jina baya, naomba radhi. Ila mzee wangu Abdiel, mama sikumpigisha magoti. Nilimuuliza anajisikiaje nyumbani kwake. Miguu yake ndiyo iliyojibu.”

Nilijua mzee atawaka. Nilishaanza kuangalia mlango uko wapi, nimtoe Mama Ndeshi. Hakuwaka. Aliendelea kusimama pale mwisho wa mstari, akauliza bila kumtazama mtu, “Na mtu akitaka kuipanga ya kwake, anaanzia wapi?”

“Anachagua watu.”

Akamchagua Mama Elieshi kuwa mkewe, akamweka katikati. Kisha akatafuta wa kuwa Elihuruma. Walikuwepo wazee saba wengine, watu wazima wenye heshima zao. Akanichagua mimi. Sikushangaa, kazi hiyo inaijua harufu yangu. Akanishika mabega, akanipeleka mpaka mlangoni, akanigeuza uso nje. Nikasikia viatu vyake vinarudi ndani. Kwa kuwa nilikuwa nimewapa kisogo, yanayofuata nayaandika kama alivyonisimulia Mama Elieshi, ambaye si mtu wa kutia chumvi. Hiyo mimi naitia mwenyewe kwingine.

Mzee alirudi mahali pake, akaninyooshea kidole. Mkono wote, umenyooka kama wa askari wa barabarani.

“Kaa hivyo, mzee wangu,” Mama Ndeshi akamwambia. “Usiushushe.”

Dakika ya kwanza alikuwa imara. Ya pili akameza mate. Ya nne mkono wa koti ukaanza kutikisika kwenye kiwiko. Katibu akataka kumletea kiti, Mchungaji akamzuia kwa macho. Mama Elieshi, aliyekuwa katikati, anasema kile kidole kilimpita karibu na sikio na hakuweza kugeuka upande wowote bila kumgeuzia mtu mgongo. Anasema ndipo alipomhurumia yule mama mwenzake.

“Umechoka, mzee?”

“Mkono umechoka.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwaka wa parachichi.”

Hapo Mama Ndeshi akanigeukia mimi, kwa sauti ileile. “Elihuruma, na wewe huko mlangoni, unajisikiaje?”

Sasa, mimi nimeshakuwa mtoto aliyenuniwa zaidi ya mara mia. Majibu ninayo, mengine ya kuliza ukumbi mzima. Yote yakanipotea. Nikasema, “Baridi mgongoni.”

Nikasikia viatu vinakuja. Mkono ukanishika bega, lile bovu, ukanigeuza. Mzee Abdiel alikuwa ananitazama karibu sana, na sijui alikuwa anamwona nani.

“Parachichi zako zimezaa vizuri,” akaniambia. “Ule mti wa karibu na mfereji uwekee nguzo, utapasuka kwa uzito. Na wa tatu kutoka njiani una wadudu kwa chini. Nimeuona juzi.”

Miaka sita mzee hakutaja neno parachichi, kumbe aliijua ile miti mmoja mmoja. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumjibu kama mwanawe. Mama Ndeshi akaniwahi.

“Mzee, huyo ni dereva. Kamwambie mwenyewe.”

Mchungaji akaita kura. Wanane wakainua mikono tubaki. Wa tisa alikuwa Mzee Abdiel. Mkono wa kulia bado ulikuwa unamuuma, akainua wa kushoto. Katibu akaandika kwenye muhtasari, na nakala yake iko kwenye faili letu: “Baraza limeridhia kituo kiendelee na upigaji wa picha bila kamera. Neno sanamu lisitumike.” Mama Ndeshi alisaini, akanipa kalamu nimshikie, na kalamu ilikuwa imelowa jasho.

Mzee hakungoja chai. Nilimpandisha na gari mpaka shambani kwake. Elihuruma alikuwa anachimbua mfereji, mgongo umetugeukia. Mzee akashuka, akaenda akasimama kama hatua kumi, akavua kofia, akaivaa tena. Akasema, “Parachichi zako zimezaa vizuri.”

Elihuruma hakuinua hata kichwa. Akajibu kwa adabu kabisa, “Mama yuko jikoni.”

Mzee akanitazama. Mimi nikatazama usukani.

“Sijamtafuta mama yako,” akasema. “Nakwambia wewe.”

Jembe likasimama hewani. Hapo nikawasha gari nikaondoka, na wanaonijua wanajua ninavyopata taabu kuondoka mahali penye habari. Sisemi walikumbatiana. Ninachojua ni kwamba mwezi uliofuata walikuwa wanagombania zamu ya maji, wenyewe kwa wenyewe, kwa sauti, mpaka jirani anasikia, na yule mama alikuja kituoni na mkungu wa ndizi kutushukuru, kwa sababu sasa anapika bila kukatizwa.

Kwa kutii baraza, tuliandika kwenye kibao cha nje: PICHA BILA KAMERA. Mwaka mzima watu walikuja kutaka pasipoti saizi. Mmoja aliingia na suti ameikodi, anataka picha ya maombi ya kazi. Mama Ndeshi akamuuliza nyumbani yuko na nani, akatoka baada ya saa mbili bila picha, ameenda kumtafuta kaka yake Karatu. Takwimu za ofisi zinasema katika utumishi wake alihudumia familia elfu mbili mia sita na kumi na moja, na kufundisha washauri kumi na wanane. Mimi naongeza mia nne waliopatana garini, ambao ofisi haikuwahesabu kwa kuwa hawakusaini daftari.

Msije mkadhani tunamuaga malaika. Mama Ndeshi amechelewa kila mahali isipokuwa chakula. Ameimba garini miaka ishirini na miwili na hajapatia wimbo hata mmoja. Na yeye aliyetugawa wote kwenye nyumba nne, ukimwambia kosa lake mwenyewe, papo hapo anakuwa Redio: anakuuliza kama umeona bei ya nyanya. Shemeji yetu Ludovick analijua hilo kuliko sisi. Wiki iliyopita alikuja kituoni kwa siri, akanivuta nyuma ya gari. “Aisee Lesikar, hamwezi kumwongezea hata miaka miwili? Akikaa nyumbani siku nzima atanipanga mimi.” Nimemfikishia Mkurugenzi ombi lake. Limekataliwa.

Kesho yake baada ya kumuaga, tarehe mosi Julai, saa tatu asubuhi, imeandikishwa familia ya watu saba. Chumba kipo, cha usharika uleule. Hope, aliyefundishwa na Mama Ndeshi mwenyewe, ndiye atakayewapokea. Mimi nimeambiwa nivae vizuri, nitakuwa baba mdogo aliyesusa.

Mama Ndeshi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, walio hai na wale marehemu niliowawakilisha, asante sana. Umetufundisha kusemana bila kuuana, na waliokosa kuja kwako tunawaona wanavyohangaika. Nenda kapumzike, lala mpaka jua likuguse miguu, kula bila kuchelewa. Tunakuombea siku ndefu na njema pale Engutoto, wewe na shemeji. Na akinyamaza, Mama, mwache anyamaze. Wakati mwingine mtu ananyamaza kwa sababu ameshiba.